Gari la kulala linanuka: mmelibania maji

Swali limetoka kwa Mama Ilham wa Mbezi Beach: "Shikamoo fundi. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua gari la kulala lililotumika, kutoka Japani. Lina choo, bafu dogo na jiko, na tunalikodisha kwa wageni wanaokwenda Mikumi na Bagamoyo. Shida yetu ni harufu. Tumemwaga jiki, tumeweka dawa ya choo ya buluu, tumetundika manukato kila kona, lakini jua likiwaka harufu inarudi, na mwendoni ndiyo kabisa. Kipimo nacho kinaonyesha tangi la choo limejaa hata tukiwa tumetoka kulimwaga. Baba Ilham anasema nyumbani tuliunganishe kwenye chemba na koki tuiache wazi moja kwa moja, na tangi la maji ya vyombo tulitoboe tundu yadondoke yenyewe njiani. Tufanyeje?"

Marahaba, Mama Ilham. Pole na harufu, na pole zaidi na hela ya manukato.

Mimi ufundi huu sikuuanzia kwenye magari. Niliuanzia kwenye boti, kule Msasani na Kunduchi, nikifungua na kufunga vyoo vya watu wanaokwenda kuvua kwa starehe. Tangi la boti na tangi la gari-nyumba ni ndugu wa tumbo moja: pipa la plastiki lililofichwa mahali penye joto, linalopokea uchafu wa watu wachache wanaoogopa kumaliza maji. Na hapo kwenye kuogopa kumaliza maji ndipo ugonjwa wenu ulipo. Nina hakika mnapokabidhi funguo mnawaambia wageni, "Tafadhali, maji kidogo kidogo."

Sasa tazama kinachotokea chini huko. Tangi limetoka kumwagwa, sakafu yake ni kavu. Mgeni wa kwanza anajisaidia, anabonyeza maji ya kikombe kimoja. Mkojo na maji vinatiririka kuelekea kwenye koki, kinyesi na karatasi vinabaki palepale vilipoangukia, chini ya tundu. Wa pili naye hivyohivyo. Siku ya tatu kuna kichuguu. Mkija kufungua koki, maji yanatoka kwa kelele nyingi, mnaridhika mnafunga, kumbe kichuguu kimebaki na kinazidi kukauka. Hicho ndicho kinachowanukia jua likiwaka. Bakteria wanapenda joto kuliko sisi; nyuzi zikipanda 10, kazi yao karibu huongezeka maradufu, na gari lililoegeshwa juani Dar mwezi wa Februari kwao ni jiko.

Kwa hiyo Baba Ilham, kwa heshima zote, koki ya choo isiachwe wazi hata siku moja. Ukiiacha wazi ndiyo unakijenga kichuguu kwa makusudi, kwa sababu kila tone la maji linakimbilia kwenye chemba na kigumu kinabaki peke yake. Tena bomba lililo wazi linageuka njia ya hewa ya chemba, na mende, kupanda mpaka ndani ya gari. Koki inafungwa, tangi linaachwa lijae angalau theluthi mbili, kisha inavutwa yote kwa mkupuo. Uzito wa maji ndio unaosukuma kigumu. Kama safari imeisha na tangi liko nusu, ongezeni maji safi mpaka lifike hapo, ndipo mmwage.

Na kila mnapomaliza kumwaga, kabla mtu hajaketi tena, mimineni lita 10 za maji kupitia choo. Nusu dumu. Tangi lenu kwa picha uliyonitumia halizidi lita 80, basi lita 10 zinatosha kufunika sakafu yote. Kila kitakachoanguka kitaangukia majini. Baada ya hapo, mtu akienda haja kubwa, maji ya kusafisha yasipungue lita 2. Mtamwaga mara nyingi zaidi, ndiyo, lakini mtaacha kununua manukato.

Hapa sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo hatuisemi. Anayechamba kwa maji na kopo anaingiza lita moja na zaidi kila mara, na haingizi karatasi. Magari-nyumba yanayotumiwa na familia za hapa kwa kawaida hayanisumbui. Yanayonisumbua ni ya wageni wanaozungusha karatasi mkononi kama bendeji. Msiwakataze, ila chagueni karatasi ya kuwawekea. Chukua kipande, kitie kwenye chupa ya maji, funga, tikisa mara kumi. Ikisambaratika kama uji mwepesi, inafaa. Ikibaki imeshikana vipandevipande, iache dukani, hata iwe laini namna gani. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto, pedi na pempasi, hivyo wekeeni ndoo yenye kifuniko, na kibandiko ukutani kwa lugha ya mgeni.

Swali moja hukuniambia jibu lake: maji mnayojaza kwenye gari ni ya bomba au ya kisima? Nauliza kwa sababu visima vingi vya ukanda wenu wa pwani vina chumvi. Kwenye boti tulijifunza mapema kwamba choo kinachosafishwa kwa maji ya bahari hunuka kuliko cha maji yasiyo na chumvi, hata kama uchafu ni uleule. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na ndani ya tangi lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza salfeti kuwa haidrojeni salfaidi, yaani ile harufu ya mayai viza. Kisima chenye chumvi kinafanya kazi hiyohiyo kwa kiasi chake. Halafu chumvi hizo zikikutana na mkojo zinagandisha ukoko mgumu wa rangi ya udongo kwenye kuta za tangi na kwenye koki. Kwa choo, tumieni maji ya bomba kila mnapoweza.

Tuje kwenye jambo ulilolitaja kwa haraka, nami nikalipigia mstari: harufu inazidi mwendoni. Hiyo ni dalili nyingine kabisa, inahusu hewa zaidi kuliko uchafu. Gari likitembea huku dirisha limefunguliwa, upepo unanyonya hewa ya ndani itoke, na hewa ya kujaza pengo inatafuta njia ya kuingilia. Njia nyepesi ni tundu la choo. Feni ya paa nayo hufanya hivyohivyo: ukiiwasha halafu ukabonyeza maji, umejivutia hewa ya tangi usoni. Izimeni kwanza.

Lakini hewa ya tangi ina njia yake halali, bomba la kupumulia linalotoka juu ya tangi mpaka kwenye paa. Hili ndilo watu hawalikumbuki. Mwaka juzi niliitwa Tegeta kwenye gari linalofanana na la kwenu. Mwenye gari alikuwa amebadilisha choo kizima, kipya, na harufu iko palepale. Nikapanda juu na tochi. Kofia ya bomba ilikuwa imepasuka kwa jua, na ndani, kama shibiri moja kutoka mdomoni, nyigu walikuwa wamejenga. Si kiota kidogo. Udongo umejaa mduara wote, mgumu kama tofali, na vyumba vyao vimepangana vizuri kuliko vya nyumba za kupanga. Gari lilikuwa limekaa uani miezi mingi likisubiri hela, nyigu wakalipangisha. Nilitoboa kwa waya mnene, nikamimina maji kutoka juu, yakapita yote bila kurudi. Jioni ile harufu ikakatika. Hakuna dawa iliyotiwa.

Fanyeni jaribio hilohilo. Mimineni lita moja juu ya paa, taratibu. Yakipita, bomba ni zima. Yakirudi, limeziba. Na wakati mko huko, angalieni kama bomba halijateleza kushuka ndani ya tangi. Likizama kwenye uchafu, halipumui tena hata likiwa wazi juu. Mdomo wake wa chini unatakiwa uishie palepale kwenye paa la tangi.

Jaribio la pili ni la usiku. Wekeni maji kwenye bakuli la choo, mlale. Asubuhi yakiwa yamekwisha, mpira wa mdomo wa choo umekauka au una kipande cha karatasi kimebanwa. Usafisheni kwa kitambaa, upakeni grisi ya silikoni. Vaselini hapana, inavimbisha baadhi ya mipira. Ukiwa umechanika, nunueni mwingine, hautengenezeki.

Na sinki, na sakafu ya bafu? Kila mojawapo ina bomba lililopinda kama herufi U, mafundi tunaiita trapu, na maji yanayobaki kwenye huo mpindo ndiyo kizibo cha hewa. Gari likikaa wiki tatu kwa joto letu, maji hayo yanakauka, harufu inapanda bila kizuizi. Kabla ya kuliegesha, mimineni nusu lita kila tundu, kisha matone machache ya mafuta ya kupikia yaelee juu. Yanachelewesha kukauka.

Sasa jiki. Mama Ilham, hili nalisema kwa ukali kidogo. Jiki ikikutana na mkojo uliokaa inatoa mvuke wa kloramini, unaokwangua koo na macho. Ikikutana na siki au dawa ya kuondoa kutu ya choo, inatoa gesi ya klorini yenyewe. Ndani ya chumba cha choo cha ukubwa wa kabati, hilo si jambo la kujaribu. Pamoja na hayo inachakaza mipira ya koki, na ikimwagwa kwa wingi kwenye septiki tanki ya nyumbani inaua wale bakteria wanaowafanyia kazi bure.

Ile ya buluu nayo someni kibandiko. Zipo za aina hiyo zenye fomalini, dawa ileile inayohifadhi maiti. Inazuia harufu kwa sababu inaua kila kilicho hai, na ikifika kwenye septiki haiachi tabia yake. Fomaldehaidi, ndiyo hiyo iliyomo kwenye fomalini, imewekwa tangu mwaka 2004 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kama lazima mtie kitu, tafuteni dawa ya vimeng'enya au bakteria, na mjue kwamba hao nao wanahitaji maji. Kwenye kichuguu kikavu wanakufa kama sisi. Binafsi kwenye tangi lenye maji ya kutosha, bomba la kupumulia zima na sabuni ya maji vijiko viwili, sijawahi kuona haja ya zaidi.

Kusafisha tangi lililokwisha haribika kama la kwenu, fanyeni hivi wikiendi hii. Mwageni. Fungeni koki. Jazeni maji ya bomba lita 50, tieni robo kikombe cha sabuni ya vyombo, liacheni lilowe usiku kucha. Asubuhi washeni gari, nendeni Bagamoyo mkale samaki, mrudi. Matuta ya njia ile yote mliyoyalaani siku zote leo yanawafulia tangi. Mkirudi, mwageni kwa mkupuo. Wekeni kiungo cha plastiki kinachoonyesha ndani kati ya koki na mpira wa kumwagia, mtaona wenyewe: kwanza rangi ya kahawa, kisha mabonge, kisha vipande vya karatasi vya tangu enzi za Japani. Rudieni kujaza na kumwaga mpaka maji yapite meupe. Kwa tangi lililokaa mwaka mzima, tegemeeni mara tatu au nne. Mtu atawaambia mtie barafu isugue kuta. Barafu inaelea, na kwa joto letu haifiki Bunju. Itieni kwenye juisi.

Ukibaki ukoko mgumu, mwisho kabisa, maji yakiwa safi na jiki haijaguswa kwa wiki nzima, tieni siki nyeupe lita 2 kwenye maji kidogo, muiache siku nzima, kisha msuuze.

Kipimo kinachosema tangi limejaa wakati ni tupu si kibovu. Vile ni vijipini vya chuma vilivyotoboza ukuta wa tangi. Umeme ukipita kati yao kupitia majimaji, taa inawaka. Karatasi ikigandia pale, umeme unapita kwenye karatasi mbichi na taa inawaka vilevile. Safari ya Bagamoyo huwa inavisafisha. Isipovisafisha, mulikeni kwa tochi kupitia tundu la choo, nayo haidanganyi. Ila msiinamishe uso pale. Haidrojeni salfaidi ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, unadhani harufu imeisha kumbe imekuwa kali zaidi. Na asivute mtu sigara karibu, ndani ya tangi kuna methani pia.

Tangi la vyombo mnalidharau, nami nawaambia mara nyingi ndilo linalonuka kuliko la choo. Wali uliobaki, mchuzi wa nazi, maji ya kuoshea samaki: hicho ni chakula kimeachwa kichachuke kwenye pipa. Tui na mafuta ya nazi vina hila yake. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Dar yanatiririka kama maji, hamtayaona. Wageni wakilala Lushoto usiku mmoja wa Julai, yanaganda kwenye mabomba kama mshumaa, na chembe za wali zinanasia humo. Basi sahani ifutwe kwa karatasi au gazeti kabla haijagusa maji, sinki liwe na chujio, na mafuta ya kukaangia yarudi kwenye chupa. Tangi hili pia koki yake ifungwe. Mkimwaga, anzeni na la choo, la vyombo lifuate. Maji yake ya sabuni yanasuuza mpira wa kumwagia. Mpira huo uwe na rangi yake na ndoo yake yenye kifuniko, usikaribiane kabisa na ule wa kujazia maji ya kunywa. Glavu, na sabuni mikononi baada ya kazi, hata kama hamkugusa kitu.

Limebaki la kumwaga wapi. Nyumbani mna septiki tanki, mwageni humo kupitia chemba. Lita 80 za choo zisizo na fomalini haziisumbui septiki ya familia. Kama septiki yenu imekaribia kujaa, au mnakaa kwenye nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki, iteni gari la kunyonya majitaka linyonye moja kwa moja kutoka kwenye koki. Hayo magari ndiyo yanayopeleka mzigo kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, na ofisi ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka, ya eneo lenu itawaelekeza yaliyosajiliwa. Kambini, mgeni aulize mapokezi kabla ya kufungua chochote. Kama hakuna pa kumwaga, anarudi nalo. Mikumi ni kilomita kama 300, tangi haliwezi kupasuka.

Wazo la kutoboa tangi la vyombo, Baba Ilham, lifunikeni. Najua watu wanaosema ni maji ya sabuni tu. Ndani yake kuna maji ya kuogea, ya kufulia nguo za watoto, ya kuoshea nyama. Dar hii tunajua mtaro unaenda wapi. Kila masika wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo, na kipindupindu kilichoanzia hapa Agosti 2015 kilisambaa nchi nzima kikaendelea miaka. Sitaki jina lenu liwemo kwenye orodha ya wanaosubiri mvua, hata kama chenu ni kitundu cha msumari.

Anzeni na paa kabla ya kununua chochote. Pandeni asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha nyigu, na Baba Ilham avae mikono mirefu.